Kipande cha Mwisho

"Basi niambie hata kidogo," mke wa Fundi alisema, akivuta kiti karibu na meza. "Ulikuwa unawaza nini kwenye kipande cha mwisho?"

Fundi alikuwa anakula. Alikula kwa bidii ya mtu anayetaka mdomo wake usipewe kazi nyingine. Alitafuna, akameza, akasema chai imepoa. Uongo mtupu, chai ilikuwa inafuka mbele ya pua yake.

"Nilikuwa nawaza kufika."

"Kila mtu husema hivyo. Nikimbana ndiyo yanatoka ya maana. Muuza Miwani mwaka ule alikuja kukiri kwamba alikuwa anaimba nyimbo za chekechea, tena kwa sauti. Wewe uliimba?"

"Sikuimba."

"Ulilia?"

"Mke wangu, niache nile."

"Mimi ningewaza nani ananifukuza," alidakia mama yake Fundi kutoka kwenye kochi, alikokuwa ameinyoosha miguu yake iliyovimba. "Mtu mzima, ana mke, ana binti, anatoka nyumbani kabla jua halijachomoza, anakimbia mpaka jioni, halafu anarudi palepale alipoanzia. Si angekaa tu akawasubiri wenzake?"

Binti alicheka juu ya madaftari yake ya shule. Alikuwa amevaa fulana ya bluu ya baba yake juu ya nguo zake, na ilimfika magotini. Tangu Jumamosi alikuwa haivui ila kwa kugombezwa.

Fulana hiyo haiuzwi popote. Klabu ya wakimbiaji ya mtaani kwao humvalisha mtu siku anapomaliza Mbio Kuu kwa mara ya kwanza, na Mbio Kuu ni karibu marathoni mbili zilizounganishwa, kupanda na kushuka vilima vilivyo nyuma ya mji. Fundi, ambaye kazi yake ni mabomba, alikuwa amejaribu mara tatu. Mara ya kwanza tumbo lilimgeuka. Mara ya pili goti. Mara ya tatu alipotea njia, akakutwa ameketi nyuma ya banda la kuku la watu, akiwauliza kuku njia ya kwenda mjini. Mwaka huu, wa nne, alitokea kwenye lango la kumalizia huku mvua inanyesha, mikono juu, na binti yake akamrukia shingoni akilia kwa sauti mpaka watu wazima nao wakajifuta macho.

Mkewe mwenyewe hakimbii. Mchana anafanya kazi kwenye duka la steshenari, anatoa kopi na kuwachapia watu barua zao za maombi. Lakini klabuni wanamwita Mhariri, kwa sababu ndiye anayeandika *Vumbi*, jarida la klabu, kurasa nne zinazotoka kila mwisho wa mwezi. Humo mna matokeo, mna ushauri wa malengelenge, mna viatu vinavyouzwa, mna orodha ya waliong'oka kucha. Na mna desturi moja isiyovunjwa: kila anayemaliza Mbio Kuu kwa mara ya kwanza hupewa ukurasa wa mbele, asimulie kipande cha mwisho, kile cha msituni, kutoka kituo cha mwisho cha maji hadi langoni. Huko mkimbiaji hukimbia peke yake, hakuna wa kumwona, na wanaklabu wote wanataka kujua yaliyompata huko. Wengine hufungua jarida kwa ajili ya ukurasa huo tu.

Kwa hiyo Mhariri alikuwa anauliza kila jioni. Na kila jioni chai ilikuwa inapoa.

Alhamisi mchana, Mhariri alikuwa dukani akimtolea mteja mmoja kopi za vyeti, mbele na nyuma, Fundi alipoingia na mkoba wake wa vifaa. Alisimama karibu na rafu ya mafaili, akaanza kusoma bei ya stepla.

"Una nini?" mkewe alimuuliza.

"Sina kitu. Mhudumie kwanza mwenzio."

Mteja alizichukua kopi zake, akasogea mwisho wa kaunta kuzikagua moja moja. Fundi akainama.

"Kile kipande cha mwisho," alisema kwa sauti ya chini, "sikukikimbia."

"Ulikitembea. Wengi wanatembea, wala si aibu."

"Sikukitembea pia."

Mhariri aliacha kupanga karatasi. "Ulitambaa?"

"Nilikilala."

Akamweleza. Alikuwa amefika kituo cha mwisho akiwa hoi, jina lake likawekwa alama, na mvua ikaanza. Alitaka tu kubadilisha soksi. Pa kukaa hapakuwepo, kwa sababu viti vilikuwa vinapakiwa kwenye pikapu ya klabu, basi akapanda nyuma ya pikapu akakaa kati ya mapipa ya maji. Akavua soksi moja. Akasema ajinyooshe mgongo kidogo. Dereva naye, akikimbizana na mvua, akavuta turubai akalifunga, akawasha gari.

"Nilishtushwa na muziki," Fundi alisema. "Nikajipenyeza kutoka kwenye turubai, nikajikuta nyuma ya mahema, na mbele yangu nikaliona lango. Sasa mimi, mke wangu, lile lango nimeliota miaka minne. Nilipoliona nilijua kitu kimoja tu, kwamba ni la kupitwa. Miguu ilikwenda yenyewe."

"Na akili?"

"Akili ilikuja nyuma. Ilipofika, mtoto ameshaning'inia shingoni analia. Ningemwambiaje pale?"

Mhariri alikumbuka Muuza Miwani, jinsi alivyomjia wakati yeye anakusanya matokeo, akalalamika kwamba Fundi alikuwa nyuma yake kituo cha mwisho na hakumwona akimpita. Watu wote walimcheka siku ile. Muuza miwani mzima, hukuona?

"Dada," mteja aliita, "hii ya nyuma imetoka nyeusi."

Mhariri akairudia. Mteja alilipa, akaondoka polepole kuliko alivyokuja, akiitazama miguu ya Fundi.

"Na Mwenyekiti?" Mhariri aliuliza walipobaki wawili. "Na hosteli?"

Hapo ndipo palipouma. Mwenyekiti wa klabu alikuwa anajenga hosteli ya ghorofa tatu, kila ghorofa na mabafu yake. Jumamosi, mbele ya lango, alimkumbatia Fundi na majasho yake yote akasema kwa sauti kubwa: mtu aliyemaliza hii hawezi kuniachia kazi njiani, Jumatatu njoo uone jengo. Jumatatu Fundi alikwenda. Alipima vyumba vyote. Kwa miaka mingi alikuwa anaingia majumba ya watu kwa mlango wa nyuma kuziba koki zinazovuja, anaambiwa avue viatu, na mwenye nyumba anasimama juu ya kichwa chake kuuchunga mkoba wake, kana kwamba yeye ndiye ataiba koki. Hosteli ingekuwa kazi ya kwanza ambayo watu wangemwita fundi mkuu.

"Amenitambulisha kwa mhandisi," alisema. "'Huyu ndiye aliyemaliza.' Ndivyo alivyosema. Hata jina langu hakulitaja."

"Jarida linachapwa kesho. Unataka niandike nini?"

"Andika walichokiona watu."

"Watu walikuona unapita langoni."

"Si ndiyo basi? Hapo hakuna uongo."

"Na kipande cha mwisho?"

Fundi aliinua mkoba wake begani. "Wewe ndiye unayejua kuandika," alisema, akatoka.

Mhariri alikasirika, tena sana. Alikuwa ameliandika *Vumbi* tangu lilipokuwa karatasi moja, na hakuwahi kumpendelea mtu humo. Mwaka mmoja aliandika kwamba Mwenyekiti mwenyewe aliishia kituo cha pili, na Mwenyekiti akamnunia msimu mzima. Alimkasirikia mumewe kwa kumwomba adanganye. Kisha akajikasirikia yeye mwenyewe, maana kabla Fundi hajavuka barabara, tayari alikuwa anatafuta sentensi ya kuanzia.

Jioni ile vyombo vilipotolewa mezani, Mhariri alitoa karatasi kwenye pochi.

"Ukurasa wa mbele uko tayari," alisema bila kumtazama mtu. "Niwasomee?"

"Soma, mwanangu," mama mkwe alisema.

Akasoma. Na lazima isemwe, aliandika vizuri mno. "Mvua ilipoanza nilikuwa peke yangu msituni. Niliisikia miguu yangu ikiniuliza kama bado naihitaji. Nikamkumbuka mama yangu, aliyenibeba mgongoni kwenye njia za matope nilipokuwa mgonjwa, bila kuniambia kwamba amechoka. Nikasema, leo na mimi simwambii mtu kwamba nimechoka."

Kochi lilitoa mlio. Bibi alikuwa anatafuta ncha ya khanga ajifute macho.

"Kumbe uliniwaza," alisema. "Na mimi nakusema kila siku. Kumbe huko msituni uliniwaza mimi."

Fundi aliitazama meza.

"Baba!" Binti alikuwa amesimama. "Kwa nini hukutuambia? Mama, naomba hiyo karatasi, kesho nikaisome darasani. Kuna wenzangu hawaamini kwamba umemaliza, wanasema mafundi bomba wana migongo mibovu. Nitawasomea wote mpaka wanyamaze."

"Usiisome," Fundi alisema.

"Kwa nini?"

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe hakumsaidia. Alikuwa amejifunika mdomo kwa mkono.

"Kwa sababu sikuwepo. Huko msituni sikuwepo, mwanangu. Nilikuwa nyuma ya pikapu ya klabu, nimelala."

Akalisema lote, soksi, mapipa, turubai. Alilisema harakaharaka na sauti yake ikamkatika mara mbili. Alipomaliza, wa kwanza kupata maneno alikuwa mama yake.

"Yaani hukuniwaza?"

"Mama, nilikuwa nimelala."

"Hata ndotoni?"

Lakini Binti hakucheka. Alivua ile fulana ya bluu kupitia kichwani, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Bila hiyo alionekana mdogo ghafla.

"Nililia mbele ya watu wote," alisema.

"Najua."

"Ungeniambia palepale."

"Nilitaka. Ulikuwa umenishika kwa nguvu sana. Hakuna mtu aliyewahi kunishika hivyo kwa kitu nilichokifanya." Fundi alifuta uso wake kwa kiganja. "Nikaona aibu kukwambia niachie."

Binti aliingia chumbani akafunga mlango. Hakuubamiza, na hilo lilimuuma baba yake kuliko kama angeubamiza. Fundi alikaa kidogo, akanyoosha mkono akaichukua karatasi ya mkewe, akaigeuza upande mweupe.

"Nipe kalamu."

"Fikiri kwanza," Mhariri alisema. Sasa ilikuwa zamu yake kuogopa, na aliogopa kwelikweli. "Ukiandika hayo, ile kazi inakwenda. Mwenyekiti namjua. Hawezi kuchekwa akabaki na mtu."

"Nimefikiri tangu Jumamosi. Nimechoka kufikiri kuliko nilivyochoka na vile vilima. Nipe kalamu."

Akampa. Fundi aliandika kwa vidole vyake vinene vilivyozoea spana, akikandamiza kalamu mpaka meza ikahisi. Aliandika mistari mitatu, akafuta mmoja, akauliza neno turubai linaanza na herufi kubwa au ndogo. Bibi alimwambia aweke na mapipa, watu wajue alikuwa amebanwa. Mlango wa chumbani ukafunguka upenyo.

"Baba."

"Naam."

"Ulikoroma?"

"Nitajuaje na mimi nimelala?"

"Lazima ulikoroma. Hapa kwetu hukosi hata siku moja." Alitoka, akaja kusimama nyuma ya kiti cha baba yake, akasoma juu ya bega lake. "Andika kwamba ulikoroma. Bila hivyo haitakuwa kweli."

Fundi aliandika kwamba alikoroma. Bibi ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha kukohoa kilichomwinua kwenye kochi, kisha wakafuata wote.

"Na wewe Mhariri," Fundi alisema alipopata pumzi, "utaandika kwamba ulinitungia mambo ya mama na matope?"

"Habari ni wewe," mkewe alijibu, akiichukua karatasi. "Mimi ni mhariri tu."

Jumapili, baada ya mazoezi, wanaklabu walikaa kwenye nyasi za uwanja na kufungua *Vumbi*. Kwa kawaida wakati huo huwa kuna kelele. Safari hii kulitulia kabisa, na Mhariri akasikia kurasa zikishikwa kwa mikono miwili. Fundi alisimama pembeni na fulana ya bluu mkononi, imefuliwa na kupigwa pasi. Binti alikuwa amemshika kiwiko.

"Nilisema mimi!" Muuza Miwani alipiga kelele, akirukaruka na jarida. "Nilisema sikumwona! Mlinicheka wote! Macho yangu ni mazima!"

"Jamani," Dereva wa pikapu alisema, mikono kichwani, "mimi ile sauti niliisikia njia nzima. Nikadhani gia zinakufa. Jumatatu nimelipeleka gari gereji!"

Hapo uwanja mzima ulilipuka. Kuna mtu alilala chali kwenye nyasi akipiga ardhi kwa ngumi. Kuna aliyesoma sehemu ya soksi moja kwa sauti, akaombwa arudie, na kuna aliyemwita Fundi "Abiria", jina likamganda palepale. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alikuja mbele, akaipokea fulana kwa vidole viwili.

"Umeniaibisha," alisema. "Nimekutaja kwa watu. Kwa mhandisi nimekutaja."

"Nimejiaibisha mwenyewe, Mwenyekiti. Wewe hukulala."

Watu wakacheka tena, na kicheko hicho cha pili kikamaliza mambo. Mwenyekiti aliitia fulana kwapani. "Matokeo yatarekebishwa. Kuhusu ile kazi, tutaongea."

Kila mtu anajua maana ya tutaongea. Jumanne, Binti akirudi shule, aliona ngazi za fundi mwingine zimeegemezwa kwenye ukuta wa hosteli. Alilisema hilo nyumbani kwa upole, akimwangalia baba yake, na baba yake akasema sawa, akaomba chumvi.

Siku zilizofuata hazikuwa rahisi. Jina la Abiria lilikuwa limeshatoka uwanjani likaingia mtaani, na mtaa haurudishi kitu. Kinyozi alimwita hivyo akiwa na wembe mkononi. Wauzaji wa sokoni waliokuwa hawajawahi kuliona *Vumbi* walimwita hivyo. "Abiria, leo gari lako limekuacha?" Fundi alipita akiwa ameinamisha kofia. Simu yake ilikuwa kimya, na Mhariri alianza kujiuliza ukurasa ule mzuri wa mvua na matope ungemdhuru nani.

Lakini usiku alilala vizuri. Hilo Mhariri alilijua vizuri kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyekuwa anaisikia ile gia. Na jioni, Fundi alikula chakula chake bila haraka, akanywa chai yake ya moto, akamtazama mtu usoni anapoulizwa jambo. Hata mama yake aliliona, akasema mtoto wake sasa ndiyo kwanza amerudi kutoka kwenye hizo mbio.

Jumamosi mchana, kwa kukosa kazi ya watu, Fundi aliamua kuiziba koki ya jikoni kwake mwenyewe, iliyokuwa inadondosha maji tangu enzi na enzi. Alikuwa chini ya sinki, mikono imeloa, simu ilipolia. Mhariri aliipokea, akabonyeza sauti isikike, akaisogeza karibu naye.

"Halo," ilisema sauti ya mwanamke, na nyuma yake kukawa na mlio wa matrei ya mikate. "Naongea na Abiria?"

Bibi aliacha kumenya alichokuwa anamenya. Mhariri alihisi uso wake umepata moto kwa hasira na aibu, akapeleka kidole kukata simu. Fundi alimtikisia kichwa. Alijivuta kutoka chini ya sinki, akakaa sakafuni, maji yakimtiririka kiwikoni.

"Ndiye," alisema. "Abiria hapa. Nikusaidie nini, mama?"

"Mimi nina duka la mikate, nyuma ya zahanati. Nina ukuta unaloa. Mafundi watatu wamekuja, kila mmoja ameniambia amemaliza, amepiga plasta, ameondoka. Ukuta bado unaloa. Sasa mume wangu juzi kaniletea kikaratasi chenu cha mbio, tumecheka mpaka mikate ikaungua." Alivuta pumzi. "Mimi nataka fundi ambaye kama hajamaliza, ataniambia hajamaliza. Upo?"

Mhariri aliona macho ya mumewe yanalowa, na yeye mwenyewe akageukia dirisha.

"Nipo, mama."

"Unaweza kuja lini?"

"Hata sasa hivi."

"Haya. Una usafiri, au nikutumie gari?"

Fundi alimtazama mkewe, akamtazama binti yake aliyekuwa amesimama mlangoni ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, mabega yanamtikisika.

"Hapana, mama, gari usitume," alisema. "Naomba nije kwa miguu."

Na yeye mwenyewe akawa wa kwanza kucheka.